Mshahara wa likizo ya uzazi ni wa nani, na je, akika ifanywe kwa mkopo?

SWALI: Assalaamu alaykum Shehe. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya binafsi hapa Tanga. Nimejifungua mtoto wa kiume, hii ni wiki ya tatu, na niko likizo ya uzazi. Mshahara wa msingi, shilingi 450,000, unaingia kama kawaida, lakini posho za zamu za usiku zimesimama, na hizo ndizo zilizokuwa zikilipa kodi ya nyumba tangu tuoane. Mume wangu anaendesha bodaboda ya mkataba. Siku nyingine anarudi na elfu kumi, siku nyingine hata hesabu ya tajiri, mwenye pikipiki, haikutimia. Kodi ya miezi sita, 480,000, inatakiwa mwezi ujao. Mume anasema kwa kuwa sasa nashinda nyumbani, mshahara wote nimkabidhi yeye aupange. Mama mkwe anataka akika, yaani kumchinjia mtoto, ya mbuzi wawili kabla ya arubaini, na mume amepata mahali pa kukopa laki tano za kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, turudishe laki sita na nusu, friji langu liwe dhamana. Je, mshahara huu ni wajibu nimpe? Kodi nilizolipa huko nyuma ni deni langu kwake? Akika tufanyeje? Na pesa walizomtunza mtoto, naweza kuzinunulia pampasi? Mchezo wa kazini nao sijui niutoe vipi.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Hongera, dada yangu, na Mwenyezi Mungu amkuze mwanao katika kheri na akurudishie nguvu zako.

Mshahara huo ni wako. Kukaa kwako nyumbani hakubadilishi chochote. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratun Nisaa, aya ya 32, kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Mume hana haki ya kuudai wote, wala nusu yake. Ukimpa kwa ridhaa ya moyo wako ni halali kwake, kama Qur'ani inavyosema kuhusu mahari katika sura hiyohiyo, aya ya 4: mke akiridhia kutoa kitu katika mali yake, mume na ale kwa raha. Sharti ni ridhaa. Pesa iliyotoka kwa kuogopa kununiwa haina ridhaa ndani yake.

Matunzo ya nyumba, yaani nafaqa, yako juu yake. Chakula, mavazi na makazi ya mke ni wajibu wa mume hata mke awe tajiri kuliko yeye. Na ukiwa mzazi anayenyonyesha jambo hili linazidi uzito, kwa sababu aya ya 233 ya Suratul Baqara inazungumza juu ya akina mama wanaonyonyesha miaka miwili kamili, kisha inasema moja kwa moja kwamba ni juu ya baba wa mtoto kuwalisha na kuwavisha kwa wema. Wanawake wengi wanaona haya kuomba kuku wa supu au uji wa pilipili manga, wanadhani wanadeka. Hicho ni chakula cha mnyonyeshaji, na mnyonyeshaji ametajwa na Mola wake. Kikipatikana nyumbani, usikiache ili uwabakizie wengine.

Hata hivyo, mume wako si bahili. Kipato chake ni kidogo, na haya ni mambo mawili yenye hukumu mbili. Nalisema hili kwa sababu akina dada wengi wameisikia hadithi ya Hind binti Utba, aliyemlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe Abu Sufyan hampi kinachomtosha, akaambiwa achukue katika mali ya mumewe kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema. Abu Sufyan alikuwa nacho, akizuia. Asije mtu akaitumia hadithi hiyo kumpekua mfukoni dereva wa bodaboda aliyebaki na pesa ya mafuta ya kesho. Kwa mume wako inasimama aya ya 7 ya Suratut Talaq: mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyepunguziwa riziki atoe katika kile alichopewa, Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya alichoipa. Ndiyo maana katika madhehebu yetu ya Shafi chakula cha mke kimepimwa kwa hali ya mume: mwenye uwezo vibaba viwili kwa siku, wa kati kimoja na nusu, asiye na uwezo kibaba kimoja. Wajibu wake haujaanguka, ila kiwango chake kinafuata mkono wake.

Hapo ndipo mlango wako wa thawabu unapofunguka. Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud, alikuwa na mali na mumewe hana kitu. Akamuuliza Mtume (S.A.W.) kama inamtosheleza kumpa sadaka mumewe na mayatima aliokuwa akiwalea. Akajibiwa kwamba ana ujira mara mbili, ujira wa udugu na ujira wa sadaka. Hadithi iko katika Bukhari na Muslim. Basi ukilipa kodi mwezi ujao, lipa ukijua kwamba unatoa sadaka, na mume apokee akijua kwamba amesaidiwa. Anayejua amesaidiwa haamrishi akabidhiwe mshahara. Mwambie hivyo kwa upole, na kama utaona vigumu, mpe jibu hili alisome.

Kuhusu kodi za nyuma, inategemea ulisema nini siku ulipotoa. Kama mlikubaliana kuwa unamkopesha, ni deni na atalilipa akiwezeshwa. Kama ulitoa tu kimyakimya kwa mapenzi ya nyumba yenu, ile ilikuwa hisani, na hisani haigeuzwi deni leo kwa sababu mmekosana. Mtume (S.A.W.) amemfananisha anayerudi katika alichokitoa na mbwa anayerudia matapishi yake. Kuanzia sasa lakini una haki ya kuchagua. Ukitaka iwe mkopo, sema "nakukopesha" na muandike, kama ilivyoamriwa katika aya ya 282 ya Suratul Baqara. Kuandikiana baina ya mke na mume si ukosefu wa imani, aya haikuwatoa wanandoa.

Sasa akika. Hapa naomba na mama mkwe asomewe, kwa heshima zote. Akika kwetu ni sunna iliyotiliwa mkazo, si faradhi. Ukamilifu kwa mtoto wa kiume ni mbuzi wawili, lakini asili ya sunna inapatikana kwa mmoja, na imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Mtume (S.A.W.) aliwafanyia wajukuu zake Hasan na Husein kondoo mmoja mmoja. Siku ya saba ndiyo bora, ikipita haijaharibika. Wanazuoni wa Shafi wamekwenda mbali zaidi: asiyekuwa na uwezo mpaka zikapita siku 60, ambazo ndizo ukomo wa nifasi, yaani damu ya uzazi, hadaiwi tena kwa mkazo ule. Akijaliwa baadaye akachinja, amefanya kheri. Mkazo wa arubaini ni wa desturi zetu. Desturi si mbaya, lakini haina nguvu ya kumuingiza mtu kwenye riba.

Na mkopo huo ni riba bila ubishi. Laki tano inarudi laki sita na nusu, hakuna jina jingine. Jabir amepokea, na imo katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani anayekula riba, anayeilisha, anayeiandika na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Anayeilisha ni mkopaji. Vipi jambo la kumshukuru Mungu kwa mtoto lianzie kwenye laana? Nimeona nyumba zilizoingia humo: wiki ya kwanza pilau na kaswida, mwezi wa pili vijana wa mkopo wako mlangoni wanabeba friji, na mzazi yumo ndani na kichanga. Naumia kila nikikumbuka, na nakuombea yasikufike. Usisaini, na friji lako usilitoe. Ni mali yako, hakuna anayeweza kuliweka dhamana bila idhini yako.

Kama moyo wa bibi unataka jambo lifanyike, yapo yasiyo na gharama. Mpeni mtoto jina zuri, mnyoeni, mpime nywele zake, mtoe sadaka ya fedha, yaani madini ya fedha au thamani yake, kwa uzani huo. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Fatima alizipima nywele za Hasan na Husein akatoa sadaka uzani wake kwa fedha. Nywele za kichanga ni nyepesi mno, kiasi hicho hakimshindi hata dereva wa bodaboda siku ambayo hesabu haikutimia.

Pesa za kumtunza mtoto zinafuata nia ya mtoaji na ada ya watu. Zile walizomshikisha mtoto kiganjani au kuziweka chini ya mto wake ni mali yake. Waliyokupa wewe mkononi "ya supu" ni yako, kama ilivyo kanga na doti ulizoletewa. Mali ya mtoto inasimamiwa na baba yake, na inaruhusiwa kutumika kwa maslahi ya mtoto mwenyewe. Wanazuoni wamesema mtoto mwenye mali matunzo yake hutoka katika mali yake kwanza. Kwa hiyo pampasi, dawa, nauli ya kliniki, nunueni kwa pesa hiyo bila wasiwasi, kwa kukubaliana na baba yake. Kisichofaa ni pesa ya mtoto kulipia kodi ya pango au hesabu ya tajiri.

Kwa mwezi ujao, kaeni wawili mtoto akiwa amelala, na daftari. Kwanza mume aandike kwa wiki nzima kinachobaki mkononi baada ya mafuta na hesabu, kwani nahisi hata yeye hakijui sawasawa. Halafu mwendeeni mwenye nyumba kabla kodi haijaisha, si baada, mumwombe apokee mwezi mmoja mmoja, elfu themanini, mpaka urudi kazini. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inamtaka mwenye kudai ampe muda aliye katika dhiki, na wenye nyumba wengi ni wapole kwa mtu aliyekuja mapema. Mashauriano haya nayo yana asili: ile aya ya kunyonyesha inasema hata kumwachisha ziwa mtoto kuwe kwa kuridhiana na kushauriana. Ikiwa ziwa linashauriwa, mshahara na kodi zaidi.

Jua pia haki zako kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 84 zenye malipo, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ukirudi, mwajiri anatakiwa akuruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Msiuze siku zako za likizo kwa kukimbilia posho za usiku kabla mwili haujapona.

Mchezo, kama ni ule wa kila mmoja kuchangia na kupokezana bila nyongeza, ni halali, na ni ahadi inayopasa kutimizwa. Waambie wenzako mapema: mwenye zamu ya karibu akikubali kwa hiari, badilishaneni, upokee wewe sasa na yeye apokee kwenye zamu yako ya mwisho. Ikiwa ni kikoba kinachokopesha wanachama kwa riba, toa hisa zako ulizoweka ukipata nafasi, na faida iliyotokana na riba uitoe kwa masikini.

Wallahu aalam.