Mtoto akikosa mpira, kocha anyamaze kwanza

Nafundisha watoto besiboli, na kuna kijana wa miaka 11 nilimfokea mbele ya wenzake kwa sababu aliuacha mpira mzuri ukapita katikati kabisa, gongo limetulia begani. "Umelala?" Wenzake wakacheka, nami nikajiona nafundisha. Jumamosi iliyofuata aliposimama kwenye homu, pale mpigaji anaposubiri mpira, alipunga gongo kwa kila kilichokuja: mpira wa juu ya kichwa, wa kwenye vidole vya miguu, hata ule uliomkosa mdakaji. Straiki tatu, yaani amekosa mara tatu, auti: zamu imekwisha. Na kila baada ya mpira alikuwa akinitazama mimi, si mrushaji.

Nilikaa na jambo lile wiki nzima. Mtoto alikuwa ameacha kucheza besiboli, anacheza na hasira zangu.

Watoto wetu wengi hapa Dar wanakuja wakiwa wamelelewa na chandimu. Kwenye mpira wa miguu kosa lina pa kujificha. Ukipoteza pasi, dakika hiyohiyo mwenzako kaukwapua, vumbi limetimka, watu wamesahau. Kwenye besiboli mpigaji anasimama peke yake, uwanja mzima unamwangalia, halafu anakosa. Na atakosa sana. Mpigaji wa Marekani, Ted Williams, mwaka 1941 alimaliza msimu na wastani wa kupiga wa .406, na hadi leo Wamarekani wanausimulia msimu ule. Maana yake katika kila mara 10, karibu 6 alishindwa. Sasa wewe mtoto wa Mbagala aliyeshika gongo miezi miwili unamtaka asikose?

(Hilo neno gongo nalo lina mambo yake. Mama mmoja alinifuata uso umemkunja: mwanawe kamwambia kila Jumamosi wanakwenda "kushika gongo". Ilibidi nimwonyeshe lile la mbao ndipo akacheka.)

Nilichobadilisha kwanza ni swali. Mtoto akirudi benchi siku hizi simuulizi kwa nini amekosa. Namuuliza, "Umeona nini?" Mwanzoni wanajibu "sijui, kocha" huku wakitazama chini. Baada ya wiki kadhaa unaanza kusikia, "Ule wa pili ulichelewa, nikawahi." Huyo ameshaanza kujifundisha mwenyewe. Pili, kati ya mpira na mpira anatoka nje ya boksi lililochorwa anaposimama mpigaji, anavuta pumzi moja ndefu na kuangalia kitu kimoja alichokichagua. Mmoja anaangalia ncha ya gongo, mwingine mwembe ulio nyuma ya uwanja. Mimi sitakiwi kuwa kitu hicho.

Ila maneno matupu hayamtoi mtoto hofu. Hofu nyingine inatoka mikononi, kwa hiyo ufundi lazima upangwe ili mtoto apate kufaulu mapema. Mpira wenyewe una uzito wa gramu 142 hadi 149 na ni mgumu. Halafu wengi, hasa wasichana, wamekulia kwenye rede, ambako ukiona mpira unakuja unaukwepa. Ukimwambia "usiogope", unamwambia asahau alichokifanya tangu utotoni. Mimi naanza na mipira ya tenisi iliyochakaa, bila glavu, mikono miwili, tukiwa karibu kabisa. Mpira mgumu unakuja pale anapoacha kufumba macho, na kila mtoto ana siku yake.

Kurusha ndiko tuna utajiri, maana nani hapa hajatungua embe kwa jiwe? Nguvu zipo. Kinachohitaji kunyooshwa ni mwili: mtoto akae ubavu, bega la mkono asiorushia lielekee anakorusha, mguu ukanyage kuelekea hukohuko, kiwiko kisidondoke chini ya bega. Na punguza uwanja. Kwa wakubwa kutoka besi hadi besi, vile vituo vya kukimbilia, ni mita 27.4, watoto wadogo mita 18 na kidogo inawatosha. Nimeona kocha akiwawekea wa miaka 10 vipimo vya wakubwa, mpira haufiki, mtoto anajiona dhaifu wakati mwenye kosa ni futi kamba.

Kupiga, tunatumia mpini wa fagio na vifuniko vya yale madumu makubwa ya maji. Si ubunifu wangu, watoto wa Jamhuri ya Dominika wanacheza hivyo mitaani, na nchi yao imejaza wachezaji kwenye ligi kuu ya Marekani. Kifuniko kinayumba hewani, kwa hiyo kila mtu anakosa, kocha akiwemo. Siku ya kwanza walivyoniona napunga hewa mara nne mfululizo walicheka hadi wakakaa chini. Mazoezi ya siku ile yalikuwa mazuri kuliko hotuba zangu zote.

Wazazi nao wana sehemu yao. "Mwalimu, akizembea mchape tu, mimi nimeruhusu." Simbishii mbele ya mtoto. Namwomba abaki hadi saa tatu, kabla jua halijawa kali, aone mwanawe anavyorudi benchi na anachosema. Na namwomba asimlete na njaa. Kikombe cha chai na maandazi mawili vinatatua nusu ya uzembe ninaoletewa.

Mrushaji wangu wa miaka 13 aliwahi kunificha maumivu ya kiwiko, enzi zile za kufoka. Sasa nahesabu mipira kwa vizibo vya soda, kutoka mfuko huu kwenda ule. Mwongozo wa Marekani kwa umri wake ni mipira isiyozidi 95 kwa siku, na akifikisha 66 anapumzika siku 4, kwa kuwa mfupa wa kiwiko bado unakua. Mwezi uliopita, tukiongoza kwa pointi moja, nikiwa na vizibo 41 tu mfukoni, aliniita mwenyewe katikati ya mchezo. "Kocha, kiwiko kinavuta." Nikamtoa. Tulifungwa, na aliyeingia badala yake akaja benchi kabla sijamuita, akaanza kunieleza alichokiona.