Kaniuliza nimetumia aini ngapi nikamjibu, wote tumepigwa adhabu

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi nina mwaka mmoja tu kwenye gofu, nachezea hapa Arusha. Juzi kwenye shindano la klabu, shimo la par 3 (la kumalizwa kwa mikwaju 3), nimepiga mpira ukakaa vizuri grini, pale kwenye nyasi fupi zenye shimo, jamaa anayefuata akaniuliza "umetumia ngapi?", yaani aini (fimbo ya kichwa cha chuma) namba ngapi, nikamwambia saba, basi. Kumaliza tunaambiwa kila mmoja anaongezewa mikwaju 2. Kweli jamani? Mi nimelelewa mtu akikuuliza unamjibu. Sasa naruhusiwa kumsaidia mwenzangu kitu gani?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, ila waliowahukumu wako sahihi. Ni kanuni ya 10.2, inakataza kumpa au kumuomba ushauri mtu mnayeshindana naye wakati raundi inaendelea, na fimbo uliyotumia ni ushauri kama mwenzako bado hajapiga mkwaju kama huo. Yeye alishapata zake 2 pale pale alipouliza, hata ungenyamaza, zako zimekuja uliposema saba. Siku nyingine mwambie tu "subiri kidogo ntakwambia", maana mkishapiga wote mkafika grini ruksa kuulizana. Kabla ya hapo wa kumuuliza ni kedi wake, yule anayembebea fimbo.

Najua inauma, lakini fikiria hivi: kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju hushindani na huyo mmoja, unashindana na uwanja mzima, kuna watu walishacheza asubuhi wakaenda zao na hakuna aliyewaambia saba. Ukimsaidia huyu umewapunja wale.

Mengine msaidie bila woga. Umbali mpaka kwenye bendera mwambie, bunka (shimo la mchanga) au maji yaliyojificha nyuma ya kilima mwambie, kanuni mfafanulie, mpira ukimuishia mpe wako. Mpira wake ukipotea ingia naye kwenye majani mtafute, tena haraka kwa sababu tangu 2019 muda ni dakika 3 sio 5 tena, na ukiugusa bahati mbaya mnaurudisha tu, hakuna adhabu. Fimbo ndo usimuazime, akipigia fimbo yako anaadhibiwa yeye.

Kuna moja watu wanafanya kwa roho nzuri kabisa na mimi silipendi: mpira wako uko karibu na shimo, mwenzako anapiga kutoka pembeni, unamwambia "niuache ukukingie?" naye anasema poa. Mkishakubaliana hivyo akapiga, wote wawili mikwaju 2. Weka alama, okota mpira wako.

Halafu kadi ya kuandikia mikwaju, hapa ndo nakuomba uwe makini kuliko kote, maana unamwandikia mwenzako. Kwenye Masters ya 1968, shindano kubwa la gofu kule Augusta, Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina alicheza shimo la 17 kwa mikwaju 3, Tommy Aaron aliyemshikia kadi akaandika 4, De Vicenzo akasaini bila kuona. Alikuwa amepiga 65 ila ikahesabika 66 kama alivyosaini, akakosa hata kurudiana na Bob Goalby, ambaye wangekuwa sare naye na ndiye akawa bingwa, kwa huo mkwaju mmoja ambao hakuupiga. Kwa hiyo kila mkitoka shimoni muulize mwenzako "nikuandikie ngapi?", hilo swali halina adhabu.