FreeBSD: pkg upgrade imefuta nginx niliyojenga kwenye ports

Mkuu umesema ulikompaili nginx (seva ya wavuti) mwenyewe na opsheni zako kutoka ports (mkusanyiko wa maelekezo ya kujenga programu kutoka kodi chanzo), ukapiga pkg upgrade (pkg ni zana ya kusakinisha programu zilizokwisha kujengwa) ikaitoa ikaweka ya kwao. Hiyo sio bagi, pkg kwa kawaida inavuta tawi la robo mwaka (quarterly) na we /usr/ports yako naona iko main (tawi kuu linalosasishwa muda wote), kwa hiyo matoleo yanapishana na laibrari zinaanza kugombana. Chagua upande mmoja, ama uiambie pkg isome latest (tawi la vifurushi vipya zaidi) ama uhamishe ports kwenye tawi la robo mwaka, kisha jenga nginx upya na upige pkg lock nginx, haitaguswa tena ila siku ya kuisasisha inabidi pkg unlock kwanza.

Halafu kabla ya kusasisha chochote fungua /usr/ports/UPDATING aisee, watu wanairuka hiyo faili kisha wanalia, wakati lugha ya perl ikibadili toleo kubwa maelekezo yote yamo mle. Portsnap (zana ya zamani ya kushusha ports) sahau, iliondolewa kwenye FreeBSD 14.0, piga git pull tu ndani ya /usr/ports. Opsheni zako ziko salama /var/db/ports. Diski ikijaa cheki distfiles (faili za kodi chanzo zilizoshushwa), make clean haizigusi zile, unataka make distclean.