Kwa Nini Nilichagua Njia Laini ya Kujenga Nguvu katika Tai Chi

Miaka mitatu ya mwanzo nilijifunza tai chi, sanaa ya mapigano ya Kichina yenye miondoko ya polepole, huku nikiamini kwamba nguvu hupatikana kwa kukaza mwili. Nilinyanyua vyuma, nikapiga pushapu, kisha nikafanya mazoezi ya fa jin, yaani ule utoaji wa nguvu kwa ghafla, mara hamsini kwa kila mkono, na mwalimu niliyekuwa naye wakati ule alitutaka kila siku tukaze zaidi. Matokeo yake bega langu la kulia liliniuma kwa miezi minne, hata kushika bomba la daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo kukanishinda.

Katika miezi hiyo ya kuuguza bega, bibi yangu aliniomba nimsaidie kutwanga kisamvu. Nilikuwa nikiusukuma mchi chini kwa mikono, na baada ya dakika chache viganja vikaanza kuchubuka. Akaniambia, "Uache uanguke, mjukuu wangu," akaupokea. Nikamtazama kwa makini. Vidole vyake viliushika mchi kwa wepesi, akauinua kwa magoti na kiuno, akauachia ushuke kwa uzito wake wenyewe, na kiganja kikakaza kidogo tu pale mchi ulipogusa majani. Mabega yake hayakupanda hata mara moja, naye alitwanga mpaka kisamvu kikalainika pasipo kuhema.

Hilo ndilo jambo ambalo walimu wa Kichina hulieleza wanapotenganisha li na jin. Li ni nguvu ya msuli mmoja mmoja unaojikaza peke yake, ilhali jin ni nguvu ya mwili mzima uliounganika. Maandiko ya kale ya tai chi husema kwamba nguvu hiyo ina mzizi nyayoni, hutoka miguuni, huongozwa na kiuno na kudhihirika vidoleni, na mtu akikaza bega, anaifunga njia hiyo katikati. Yang Chengfu (1883–1936), ambaye mtindo wake wa mwendo mpana na wa polepole ndio ulioenea sana duniani, aliwafundisha wanafunzi wake watumie nia badala ya nguvu za misuli. Sichukulii kwamba maneno hayo yanapinga kupiga kwa kishindo, kwa kuwa mtindo wa Chen, uliozaliwa katika kijiji cha Chenjiagou mkoani Henan na ambao ndio chimbuko la mtindo wa Yang, umeihifadhi fa jin waziwazi hadi leo. Kinachopingwa ni kuutafuta mlipuko kabla mwili haujajua kulegea.

Kulegea huku, ambako Wachina hukuita song, hakumaanishi kunyong'onyea. Mwili unabaki wima, utosi kama umening'inizwa kwa uzi, lakini viungo vimeachiwa na uzito umeshuka nyayoni. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kusimama tu: miguu sambamba kwa upana wa mabega, magoti yamekunjwa kidogo, mikono kama inayokumbatia mtungi, kwa dakika tano mwanzoni na kumi baada ya wiki chache. Mimi husimama Coco Beach alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga uliolowa, kwa sababu mchanga ule hauna siri: nikigeuka huku nimeegemea kidole gumba au kisigino, alama ya unyayo hubonyea upande mmoja, nami huona kwa macho yangu mahali ambapo uzito umepotea. Goti lielekee zinakoelekea ncha za vidole vya mguu, na mzunguko utoke nyongani, maana goti linalosokotwa huharibika taratibu bila kutoa taarifa.

Baada ya hapo tafuta mwenzako wa kufanya naye tuishou, zoezi la kusukumana mikono, na mkubaliane kutumia nguvu kidogo kuliko mnavyotamani. Hapa ndipo wengi hushindwa kuvumilia, kwa kuwa mwezi wa kwanza utasukumwa na kila mtu, wakiwemo wale uliokuwa ukiwashinda kwa kifua. Mimi nilisukumwa kwa karibu mwaka mzima, na iliniuma. Kisha asubuhi moja rafiki yangu, mpagazi wa Kariakoo mwenye mwili mkubwa kuliko wangu, alinisukuma kifuani, nami sikumzuia. Kiuno kiligeuka, uzito wake ukapita pembeni, na nilipourudisha mkono wangu akapiga hatua tatu nyuma. Bega halikuwa limefanya kazi yoyote.

Fa jin nimeirudia mwaka huu, mara kumi tu kwa siku. Nikihisi pumzi imekwama kifuani au bega limepanda, nashusha mikono na kurudi kusimama.