Kanuni ya Imani bado inafaa

Dada, umeuliza Kanuni ya Imani, yaani ungamo fupi la imani ya Kanisa, ina faida gani kama Biblia unayo, na umjibuje mwenzako anayesema Yesu ni kiumbe wa kwanza. Hoja yake ni ya zamani. Ario, padri wa Aleksandria, aliifundisha akitumia Maandiko hayohayo, hata maaskofu wakakutana mjini Nikea mwaka 325 na kumjibu kwa Kanuni ya Imani. Soma polepole maneno yake haya kuhusu Yesu: “aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba.” Kisha fungua Yohana 1:1-3. Ikiwa vyote vilifanyika kwa huyo Neno, yaani Yesu, yeye mwenyewe atakuwaje kimojawapo? Hapo ndipo Kanuni inaponisaidia mimi sana. Kuhusu Roho Mtakatifu, tazama maneno yaliyoongezwa katika Kanuni kwenye mtaguso wa maaskofu wa Konstantinopoli, mwaka 381. Isomeni Kanuni pamoja kabla hamjabishana.