Mswaki wa umeme wa duara au wa mtetemo, kwa fizi zinazotoka damu

Dada, pole. Umesema fizi zinatoka damu kila asubuhi, daktari amekuambia una utando mwingi kwenye meno, na sasa hujui ununue mswaki wa umeme wenye kichwa cha duara au ule mrefu wa mtetemo. Nimetumia yote miwili, na kabla yake nilitumia ule wa betri kama za rimoti, kwa hivyo acha nikueleze yaliyonipata.

Kabla ya kutoa pesa, uliza kama una ugaga, yaani utando ulioganda kwenye meno. Utando ni laini na mswaki unautoa, lakini ukikaa unaganda, na ukishaganda hautoki kwa mswaki wowote, hata wa bei gani. Mimi nilipiga mswaki wa betri miezi minne huku damu ikitoka vilevile. Daktari akanipa kioo, nikaona nyuma ya meno ya chini ya mbele kuna ukoko wa manjano. Aliukwangua, na nilipotoka ulimi ulikuwa unateleza mahali ambapo kwa miaka ulikuwa unakwaruza. Anza na hilo, halafu mswaki uzuie usirudi.

Ule wa betri usiununue. Betri zikichoka kidogo tu, kichwa kinazunguka kwa uvivu, na nywele za ule wangu zilikuwa ngumu mno kwa fizi zilizovimba.

Wa duara una kichwa kidogo kinachoshika jino moja moja, kinazunguka kidogo kwenda na kidogo kurudi kwa kasi. Nilichoupendea ni gego la mwisho: mswaki wa kawaida haukuwahi kufika nyuma yake. Lakini nilikosea mwanzoni, nikawa nasugua kwa nguvu kama ninavyosugua sufuria. Ufizi wa jino la chonge ukarudi nyuma, mpaka leo maji baridi yananichoma hapo. Mashine ndiyo inayosugua. Wewe shika kwa vidole, laza nywele pale jino linapokutana na ufizi, tulia sekunde mbili tatu, sogea jino linalofuata. Ndiyo maana nakusihi ununue wenye taa inayowaka ukikandamiza sana. Kwangu taa hiyo imesaidia kuliko kitu kingine chochote kwenye mswaki huo.

Wa mtetemo una kichwa kama cha mswaki tuliouzoea, na nywele zinatetemeka mara kama 31,000 kwa dakika. Wiki ya kwanza midomo inawasha, baadaye unazoea. Hauna kelele nyingi na unahisi mpole zaidi. Usiamini tu ukiambiwa kwamba povu lake linasafisha katikati ya meno. Nywele lazima ziguse.

Kuhusu utafiti: mwaka 2014 Cochrane, shirika la watafiti wanaopitia majaribio ya afya, walikusanya majaribio 56 wakaona mswaki wa umeme unapunguza utando kuliko wa mkono kwa asilimia 11 katika miezi ya kwanza, na asilimia 21 baada ya miezi mitatu. Uvimbe wa fizi ulipungua kwa asilimia 6, kisha 11. Ushahidi mwingi zaidi ulihusu wa duara. Kati ya wa duara na wa mtetemo tofauti ni ndogo, na mimi ningechagua wa duara. Ila mtu mwenye fizi nyepesi sana za kuumia ningempa wa mtetemo bila wasiwasi.

Sasa mambo ya hapa Nairobi. Usikubali wa kuletewa kutoka Marekani kabla ya kusoma maandishi kwenye chaja. Yangu ya kwanza iliandikwa volti 110, nikaichomeka kwenye soketi yetu ya 240, ikafa jioni hiyohiyo. Nyingi pia zina plagi ya miguu miwili, kwa hivyo nunua adapta. Stima ikipotea usihofu, chaji moja inafika wiki nzima au zaidi. Kinachosumbua ni vichwa: vinabadilishwa kila miezi mitatu, na kabla ya kununua mswaki hakikisha duka lina vichwa vyake. Nilinunua vya bei rahisi mjini, kimoja kikachomoka nikiwa nacho mdomoni.

Na katikati ya meno hakuna mswaki unaofika. Pitisha uzi wa meno kila usiku. Siku za kwanza damu itatoka zaidi, usiache, kwangu ilipungua ndani ya wiki mbili. Ikiendelea baada ya hapo, au jino likilegea, rudi kwa daktari, na kama una kisukari au una mimba mwambie, kwa sababu yote mawili yanagusa fizi.

Ukishaupata, anza nao jioni, si asubuhi ukikimbilia matatu. Mingi inatetemeka kidogo kila sekunde 30 kukuambia uhamie upande mwingine, jumla dakika mbili. Anzia ndani ya meno ya chini, hapo ndipo wengi tunaporuka.