Kabla hamjaniomba niwe mdhamini wa mkopo wa chuo Marekani

Kaka na dada zangu mlioko Tanzania, swali mnaloniletea ni lile lile. Kijana kapata chuo Marekani, anataka kusoma baiolojia, chuo kimempunguzia ada lakini pengo limebaki, na kuna kampuni ya kumkopesha iwapo mtu anayeishi huku atasaini udhamini. Je, mshahara atakaopata utalilipa deni? Mimi nimesomea baiolojia hapa na maabara ndiyo kazi yangu, kwa hiyo tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kazi ya kawaida ambayo digrii ya kwanza ya baiolojia inakupa, bila cheti kingine wala leseni, ni ya fundi wa maabara ya utafiti. Kwa takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani za Mei 2024, nusu ya mafundi hao walilipwa chini ya dola 52,000 kwa mwaka. Najua mkizigeuza kuwa shilingi mnaona utajiri. Ila hela hiyo inapatikana huku na inaliwa huku. Kodi ya serikali inakatwa kabla hujaiona, kisha kuna pango, bima ya afya na gari, maana sehemu nyingi bila gari hufiki kazini. Baada ya kodi kukatwa, na kabla ya pango na hayo mengine, kwa mwezi unashika kama dola 3,500, kutegemea jimbo.

Sasa deni. Dola 30,000 kwa riba ya asilimia 6.5, kulipa kwa miaka 10, ni kama dola 340 kila mwezi. Utabana matumizi, lakini utalipa. Dola 80,000 kwa riba ya asilimia 10 ni dola 1,057 kila mwezi, na ukimaliza utakuwa umelipa karibu 127,000. Hapo karibu theluthi ya hela anayoshika fundi wa maabara imeondoka kabla hajanunua hata unga.

Mkopo wa serikali ya Marekani una riba ya nafuu, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba marejesho yapunguzwe. Lakini ni wa raia, wenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) na makundi machache kama wakimbizi. Mwenye viza ya mwanafunzi haupati. Kinachobaki kwake ni kampuni binafsi, na hizi hazifanyi kama Bodi yetu ya Mikopo inayokata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Zinadai kiasi kile kile, uwe na mshahara mnono au huna kazi kabisa. Kijana akishindwa, mdhamini anadaiwa lote. Hata ukitangaza umefilisika mahakamani, deni la masomo ni gumu mno kufutwa.

Jambo linaloniuma zaidi, na sisikii likitajwa vijana wanapoagwa, ni hili: deni ni la miaka 10, ruhusa ya kufanya kazi ni ya miaka 3. Mhitimu wa baiolojia anaruhusiwa kufanya kazi miezi 12, na kwa kuwa ni fani ya sayansi anaweza kuongezewa 24. Baada ya hapo anahitaji mwajiri wa kumwombea viza ya kazi iitwayo H-1B, na kwa waajiri wengi hiyo inakwenda kwa bahati nasibu: nafasi 65,000 kwa mwaka, na 20,000 nyingine kwa wenye shahada za juu za vyuo vya huku. Asipochaguliwa anarudi nyumbani na deni la dola, alilipe kwa mshahara wa shilingi.

Mnaniambia atafanya kazi huku anasoma. Viza yake inamruhusu kazi za ndani ya chuo, si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Akienda kubeba boksi nje bila kibali, anaiweka viza rehani.

Na udaktari? Huku ni miaka minne ya digrii ya kwanza, minne ya shule ya udaktari, kisha mafunzo ya hospitalini yasiyopungua mitatu. Shule nyingi za udaktari hazichukui kabisa wanafunzi wa kigeni.

Baiolojia naipenda na sitamkataza mtoto wa mtu kuisoma. Ila asome digrii ya kwanza huko, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Sokoine, apate alama nzuri na uzoefu wa maabara, halafu aombe kuja kwa PhD. Kwenye baiolojia, vyuo vingi vya utafiti huku humlipia mwanafunzi wa PhD ada na kumpa posho ya kuishi, hata akiwa mgeni. Mwenye green card njia zake ni nyingi zaidi: aanzie chuo cha jamii (community college), yaani chuo cha miaka miwili chenye ada ndogo, kisha aangalie uuguzi, ambao kipato cha kati mwaka 2024 kilikuwa dola 93,600, au maabara za hospitali, 61,890.

Udhamini sitasaini, hata kwa mtoto wa dada yangu wa tumbo moja. Ila nitumieni barua ya chuo yenye ada na punguzo. Tutapiga hesabu ya miaka yote minne, na swali la kwanza la kukiuliza chuo ni kama punguzo hilo litaendelea mwaka wa pili ada ikipanda.